Breki za Bi Velda

Ukimuuliza mtu yeyote hapa Norfolk ni nani anayeendesha gari polepole kuliko wote kisiwani, atakutajia Bi Velda Quintal kabla hujamaliza swali. Ukimuuliza Bi Velda mwenyewe, atakwambia yeye haendi polepole, anawaheshimu ng'ombe. Ni kweli kwamba barabara hapa kwetu ni ya ng'ombe kwanza, binadamu baadaye, lakini hakuna ng'ombe aliyewahi kudai heshima nyingi kiasi kile. Ukweli ni kwamba breki za gari lake zilikuwa zimekwisha. Naye alijua vizuri kwamba zimekwisha, maana marehemu mumewe Orrin alikuwa fundi wa magari, na Bi Velda ndiye aliyekuwa akimpa spana maisha yao yote ya ndoa.

Gari lenyewe lilikuwa Corolla nyeupe ya zamani, iliyoliwa na chumvi ya bahari mpaka chini ya milango ukaona nyasi. Ukikanyaga breki mara ya kwanza, pedali inazama. Mara ya pili inajikumbuka. Mara ya tatu inashika, tena kwa mlio wa kuamsha kuku. Watu walimsikia anakuja kabla hawajamwona. "Bi Velda huyo, weka birika," walisema, na aliposimama mlangoni chai ilikuwa imeshachemka.

Diski mpya na pedi zake alikuwa nazo. Zilikuja kwa meli kutoka Australia, baada ya meli ile kukaa nje ya mwamba ikingoja bahari itulie, ikachoka, ikaondoka na mizigo ya watu tumboni, ikarudi safari nyingine. Zilikuwa kwenye boksi chini ya kitanda chake. Kilichobaki ni kuzifunga tu, na hapo ndipo penye kisa. Kisanduku cha spana za Orrin hakikuwa kimefunguliwa tangu azikwe. Bi Velda alikuwa akipita pale bandani, anakitazama, anarudi jikoni kuosha vyombo ambavyo alikwisha kuviosha. Hilo hakumwambia mtu.

Angeweza kumwomba mwanawe, Lorne, lakini Lorne alikuwa na ugonjwa wa kutaka awe sahihi kila mara, na Bi Velda hakupenda kumlisha ugonjwa wake.

Siku hiyo Lorne alimkuta dukani, mbele ya kabichi.

"Mama, Siku ya Bounty ni wiki ijayo," alisema, yaani sikukuu yetu ya kukumbuka mababu walipotua kisiwani. "Utateremka Kingston na gari lile, na kule chini kuna watoto wa kisiwa kizima wanacheza."

"Mteremko ule nimeuteremka wewe hujazaliwa."

"Na breki ni zilezile!"

Foleni yote ikacheka. Mwanamke wa kwenye mashine ya kulipia alijifanya anatafuta kitu chini ya meza ili acheke vizuri zaidi.

"Cheka nao, mwanangu," Bi Velda alisema. "Nilikunyonyesha ili uje unitie aibu kwenye kabichi."

"Sikutii aibu. Kesho saa tatu asubuhi nitakungoja juu ya mteremko, tushuke pamoja. Breki zisiposhika, ufunguo nauchukua mimi. Basi, imekwisha." Kisha akapunguza sauti, na hilo ndilo lililouma. "Tena unaanza kusahau, Mama. Juzi umeniita jina la baba."

Kuchukua ufunguo! Hapa kwetu ufunguo haukai mfukoni, unakaa kwenye gari, mchana na usiku, gari likiwa dukani au kanisani. Jirani akikwama anachukua gari lako, analirudisha jioni na mkungu wa ndizi kwenye kiti. Kumchomolea mtu ufunguo ni sawa na kumwondolea sahani mezani huku anakula. Bi Velda aliishi peke yake juu ya kilima, na gari lile ndilo lililompeleka dukani, kanisani, mwambani kuokota hihi za pai, na kaburini kwa Orrin. Bila gari angekuwa mama mzee anayechungulia dirishani akingoja mtu amkumbuke. Alitoka dukani bila kabichi, akaingia kwenye Corolla nyeupe ya kwanza aliyoiona, akawasha, akaondoka.

Ya kwanza aliyoiona. Hapo ndipo alipokosea.

Maana zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa ya Bi Merle Nobbs, na zote mbili zilishushwa kutoka meli moja, zikaliwa na chumvi moja, zikachakaa sawasawa. Wenyewe walikuwa hawasemezani. Walikosana siku Bi Merle aliposema mbele ya watu kwamba pai ya hihi ya Bi Velda ina mchanga. Kwa mgeni hilo ni jambo dogo. Hihi ni vikonokono vya mwambani, mwanamke anainama juani nusu siku ili apate vya kujaza pai moja, na ukimwambia ina mchanga umemwambia hajui kuosha. Kwa kuwa hapa kila dereva humpungia kila dereva, na adui pia ni dereva, wawili hawa waliendelea kupungiana barabarani. Ila Bi Velda alikuwa akinyanyua kidole kimoja tu kwenye usukani, tena nusu yake.

Njiani kuelekea nyumbani dalili zilikuwepo za kutosha. Kiti kilikuwa kimesogea mbele mpaka magoti yanagusa usukani, akajiambia amenenepa. Redio ilikuwa inaimba nyimbo za dini, akamlaumu Lorne. Breki ililia, lakini kwa sauti nyembamba kuliko aliyoizoea. Akasema hata yenyewe imemwonea huruma leo. Kisha akafungua kisanduku cha mbele kutafuta kitambaa, akakuta mfuko wa peremende za mnanaa ambao hakumbuki kuununua.

Akayasikia tena maneno ya Lorne. Tena unaanza kusahau, Mama. Alizitazama zile peremende kwa woga kama mtu aliyekuta nyayo ngeni jikoni kwake. Kisha akala moja, akala ya pili, akaapa kwamba siri hii itakufa naye.

Alilipeleka gari moja kwa moja bandani na kukifungua kisanduku cha Orrin. Harufu ya grisi na tumbaku ikampiga usoni. Alilia, lakini kidogo, maana mikono ikilowa spana huteleza.

"Haya mzee," alisema kwa sauti. "Leo mimi ndiye fundi. Wewe nipe spana."

Alilegeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini, maana gurudumu likiwa hewani linazunguka nawe. Akaweka kuni nyuma ya matairi ya nyuma, akapiga jeki, akaweka stendi, ndipo akatoa gurudumu la kwanza. Boliti mbili za kalipa, kile kikono cha chuma kinachozibana pedi, zilitoka kwa adabu. Kalipa akaining'iniza kwa waya isije ikauvuta mpira wa mafuta ya breki. Pedi zilipodondoka alizishika zikamtia haya. Zilikuwa zimebaki chuma na sala.

Boliti zilizofuata, zile kubwa za nyuma zinazokishika kiti cha kalipa, zilikuwa zimeoa kutu na hazikutaka talaka. Alichomeka bomba kwenye mpini wa spana ili urefuke, akavuta, wapi. Akapanda juu ya bomba, akasimama nalo kwa uzito wake wote. Boliti ikapiga ukelele ikalegea. Unene uliokuwa aibu ndani ya gari sasa ukawa baraka, naye akamwambia Orrin hivyo.

Diski ya zamani nayo iligoma, imeshikana na kitovu cha gurudumu kwa kutu. Asiyejua hupiga nyundo mpaka mkono ufe ganzi. Bi Velda alitafuta vile vitundu viwili vilivyopo kwenye diski, akavitia boliti mbili, akawa anakaza huku kidogo, kule kidogo, mpaka diski ikaruka yenyewe ikaangukia kwenye majani makavu. Ukingo wake ulikuwa na mdomo mkali pale pedi zisipofika, ungeweza kukata mkate. Alikisugua kitovu kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa, maana uchafu ukibaki pale diski huyumba na usukani hutetemeka. Diski mpya akaiosha kwa petroli kuondoa mafuta ya kiwandani. Kisha akafungua kifuniko cha mafuta ya breki, akairudisha pistoni ndani kwa jiliwa dogo, taratibu, jicho moja kwenye pistoni na jicho moja kwenye kikombe, mafuta yasimwagike yakala rangi. Kana kwamba ilikuwa imebaki rangi ya kuliwa.

Grisi aliipaka kwenye pini tu. Kidole kilipotaka kugusa uso wa pedi alijipiga mwenyewe kofi la mkono. "Hapo huwa hapaguswi, Velda," alisema, kwa sauti ya Orrin, na mbuzi wa jirani akainua kichwa.

Upande wa pili ulikwenda haraka zaidi. Akarudisha magurudumu, akakaza nati kwa kuvuka, hii kisha ile ya upande wa pili. Na kabla ya kulisogeza gari hata kidogo alikaa ndani akaipiga pedali, ikazama, akaipiga tena na tena mpaka ikawa ngumu mguuni. Anayesahau hatua hiyo huiona breki ya kwanza ikiwa hewa tupu. Orrin aliisahau mara moja tu maishani, akaingia na gari la kasisi kwenye banda la kuku.

Jioni ile alilizungusha gari shambani, anakwenda, anasimama, anakwenda, anasimama, pedi na diski zizoeane. Lilisimama bila sauti. Bi Velda alijisikia msichana. Alilala na grisi kwenye kucha na hakutaka kuiosha.

Asubuhi alichukua ndoo yake ya hihi, maana baada ya kumnyamazisha Lorne alitaka kupita mwambani. Akafungua buti ya gari aiweke. Ndani akakuta viatu vya mpira vyekundu, vidogo kama vya mtoto wa shule.

Kisiwa kizima kinavijua viatu vile. Ni vya Bi Merle.

Kwanza alifurahi. Alifurahi hasa, mpaka akashika mlango asianguke. Kiti! Redio! Peremende! Kumbe hakusahau kitu, akili yake ilikuwa nzima kama kengele ya kanisa. Aliwaza kumpigia simu Lorne amwambie hivyo. Ndipo wazo la pili likaingia, na furaha yote ikamtoka. Ikiwa hili ni gari la Merle, basi Merle analo lake.

Naye Bi Merle anakaa tambarare, karibu na duka. Jana angeweza kufika nyumbani bila hata kuiuliza breki swali. Lakini leo maji yalikuwa yamekupwa, na wiki ya sikukuu hakuna mwanamke anayeacha maji yakupwe bure. Merle angekuwa njiani kuteremka Kingston kuokota hihi. Bi Velda alikimbilia simu. Ililia mpaka ikachoka.

Watu walioishuhudia safari ile wanaisimulia mpaka leo. Bi Velda alipita kwa kasi, na waliompungia walibaki na vidole hewani, hakujibu hata mmoja. Wengine walidhani kuna msiba. Yeye alikuwa anasali, na sala yenyewe ilikuwa na matusi ndani yake. Miaka yote aliona breki zile ni jambo lake na shingo yake. Hakuwahi kufikiri kwamba gari lenye ufunguo ndani ni gari la kila mtu.

Alilikuta mwanzoni tu mwa mteremko. Corolla nyeupe ilikuwa imetoka barabarani, pua kwenye majani marefu ya ukingoni. Mbele yake ng'ombe mwekundu anatafuna, hana habari. Kando yake amesimama Bi Merle, mdogo, ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Velda Quintal!" alipaza sauti, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu ile pai. "Hili ni gari au ni jeneza la magurudumu manne?"

"Umeumia?"

"Nimekanyaga, hakuna kitu. Nimekanyaga tena, hakuna kitu!"

"Inashika mara ya tatu."

"Mara ya tatu nilikuwa kwenye majani nazungumza na ng'ombe!"

"Sasa na wewe ulilichukuaje gari langu?"

"Ndilo lililobaki, mwanamke wewe! Langu umeshakwenda nalo."

"Hukuona kwamba si lako? Kiti kiko nyuma kule!"

"Nimeona. Nimeendesha kwa vidole vya miguu." Bi Merle aliitazama kofia yake. "Nilidhani nimesinyaa. Mtu anasinyaa, Velda. Sikutaka kumwambia mtu."

Bi Velda aliitazama ile kofia, kisha akaitazama pua ya gari lake kwenye majani. Jibu alilokuwa ameliandaa, na lilikuwa zuri, akaliacha. Alikuwa amebakiza hatua chache tu za mteremko kumuua jirani yake. Aliona aibu kama hajawahi kuona.

Kabla hajasema neno, lori dogo la Lorne likasimama nyuma yao. Saa tatu ilikuwa imefika.

Lorne alitazama gari lililo kwenye majani, akatazama lililo barabarani na mama yake kasimama ubavuni mwake, akaelewa kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angeelewa, yaani vibaya.

"Bi Merle! Pole, umeumia? Imekuwaje?"

Bi Merle akamtazama Bi Velda.

"Ng'ombe," alisema Bi Merle.

"Alikuingilia?"

"Hana adabu kabisa huyu. Nenda zako na mama yako, mimi nimepumzika tu. Nendeni, nendeni."

Bi Velda hakuamini masikio yake. Adui yake alikuwa amemfungulia mlango na kumsukuma apite. Akaingia kwenye gari, Lorne akaketi pembeni, mkono mmoja ukiwa umeshika mpini wa juu ya dirisha mapema kabisa. Wakashuka. Kwenye kona ya kwanza Lorne akasema, "Simama." Gari likasimama. Pale mteremko unapozidi ukali akasema tena, "Simama," na likasimama, bila mlio, bila kuvuta kushoto wala kulia. Mwisho akapiga kelele "Mtoto!" pasipokuwa na mtoto, na kichwa chake mwenyewe nusura kigonge kioo. Aliuachia ule mpini.

Walipofika chini, karibu na kuta za gereza la zamani, alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

"Mama, nisamehe. Nimekutia aibu dukani bure. Gari lako ni zima kuliko langu."

"Umekiri?"

"Nimekiri. Tena siku ya sikukuu nitalichukua nipakie watoto wote watatu, lori langu halina mikanda nyuma. Utaniazima?"

Alikuwa ameshinda. Ufunguo ulikuwa wake. Angesema "chukua," jioni magari yangebadilishana kimyakimya, na Merle asingesema. Lakini sikukuu ingefika, Lorne angekuja asubuhi, angewapakia watoto kwenye lile lingine.

"Lorne," alisema. "Hili si gari langu."

Uso wa Lorne ukasawijika. "Mama. Umeona sasa? Umesahau mpaka gari lako."

"Sijasahau kitu, mpumbavu wewe! Langu ni lile la kwenye majani! Hili ni la Merle, fungua buti utazame viatu. Tumechukuliana dukani jana, mimi nina hasira zako na yeye hana jingine. Breki nzuri ziko kwenye gari lake na mbovu ziko kwenye langu, nalo nusura limuue."

Lorne alitoka akafungua buti. Alikaa kule nyuma muda mrefu kwa mtu anayetazama viatu tu. Aliporudi alikuwa anafuta macho, kwa kicheko au kwa jambo lingine.

"Kwa hiyo hizi breki nani amezifunga?"

"Mimi. Jana mchana."

"Kwa vifaa gani?"

"Kwa spana za baba yako."

Lorne alizitazama kucha za mama yake zenye grisi. Alikuwa anajua habari ya kile kisanduku kuliko mama yake alivyodhani. Baadaye, waliporudi juu na kulivuta lile gari jingine kutoka majanini, alitoa hukumu yake mbele ya wanawake wote wawili. Mguu wa mama yake hauna kasoro na akili yake haina kasoro. Gari ndilo lenye kasoro. Litakaa chini ya msonobari wa uani mpaka lipate breki, na likipata, yeye hatauulizia ufunguo tena.

"Basi ni rahisi," Bi Merle alisema. "Diski ni zako, Velda. Sikukuu ikipita uje uzing'oe uzitie kwako. Mpaka hapo nitakubeba."

Bi Velda alikubali. Haki ni haki, na meli nyingine hakuna aliyejua itakuja lini.

Asubuhi ya Siku ya Bounty, Bi Merle alimpitia. Bi Velda alikuwa amevaa nguo nyeupe na kofia ya majani, na mapajani amepakata pai mbili za hihi, moja yake, moja ya mwenzake, zimefunikwa vitambaa tofauti ili pasiwe na ubishi. Mezani nyumbani alikuwa amekwisha panga spana za kesho. Hakuwa amezoea kiti cha abiria tangu Orrin afe, na alikikaa vibaya. Kila Bi Merle alipokaribia kona, mguu wa kulia wa Bi Velda ulikanyaga sakafu.

"Hapo hapana breki, Velda."

"Najua."

"Utatoboa gari. Na lilivyo na kutu, utatoboa kweli."

"Punguza mwendo hapa."

"Mwendo gani? Tumepitwa na bata."

Wakawapungia watu, mmoja upande wa kulia, mwenzake upande wa kushoto. Wale watu walipogeuka kuona nani na nani wamekaa pamoja, wengine walisahau kushusha mikono.

Mteremko ulipoanza Bi Merle akasema, macho yakiwa barabarani, "Trina wangu alisema mwaka huu ndio wa mwisho mimi kuendesha." Trina ni binti yake, anakaa naye nyumba moja. "Kila breki ikilia nikiingia uani, anatoka barazani, anashika kiuno. Hasemi kitu. Anasimama tu pale, nami najua anahesabu. Juzi amekwisha muuliza mjomba wake kama atanunua gari."

Bi Velda alizishika pai zisiteleze.

"Tangu umetia hizi haijalia. Leo asubuhi nimewasha gari, nimerudi nyuma, nimesimama mbele yake palepale barazani. Ameniambia tu, 'Mama, usisahau kofia.'" Akacheka kidogo. "Sijui nimwambieje kesho ikianza kulia tena. Lakini hayo si yako. Utakuja saa ngapi kuzing'oa?"

Bi Velda alizitazama zile pai. Aliifikiria njia ndefu kutoka kwake mpaka dukani, na dirisha, na meli inayokaa nje ya mwamba ikiondoka na mizigo ya watu. Alitamani Merle asingesema. Alitamani kukasirika, na hasira haikuja.

"Kesho sina nafasi," alisema.

"Keshokutwa?"

"Keshokutwa pia sina."

Bi Merle aligeuza kichwa akamtazama, muda mrefu kuliko inavyofaa kwenye mteremko.

"Tazama mbele, mwanamke! Jumatano utanipeleka dukani. Jumapili kanisani, halafu kaburini kwa Orrin, na huko hutaniharakisha. Maji yakikupwa tunakwenda wote mwambani, na hihi zako utaziosha mbele yangu nione."

"Sasa nimekuwa dereva wako?"

"Breki ni zangu."

"Mguu ni wangu," alisema Bi Merle.

Kwenye kona ng'ombe alikuwa amesimama katikati ya barabara, ametugeuzia sisi binadamu wote mgongo. Bi Merle akakanyaga. Gari likasimama kimya, pai hazikusogea. Mguu wa Bi Velda ulikuwa umebana sakafu kwa nguvu zake zote. Aliutazama, akaunyanyua, akaukunja chini ya kiti, na njia yote iliyobaki akamwacha mwenzake aendeshe.